Mabapa Chini ya Maji ya Ruzizi

Nilimwahidi dada yangu kwamba frigo ya chanjo ya kituo chake haitazimika tena. Tulikuwa tumesimama kando ya shimo la majivu, nyuma ya kituo cha afya alichokisimamia katika uwanda wa Ruzizi, si mbali na Luvungi. Alikuwa anatupa shimoni vichupa vya chanjo ya surua vilivyoharibiwa na joto. Barabara ya kutoka Uvira ilikuwa imefungwa na mapigano, mafuta ya taa hayakufika, na ule mwali mdogo wa buluu uliokuwa ukiwaka chini ya frigo ulikuwa umekufa.

“Yaya,” nilimwambia, kama tunavyomwita dada mkubwa, “hii haitarudia. Minye nitaikamatia moto mu mto.”

Hakuinua macho. “Weye unaahidi sawa batu ya politiki,” alisema. “Bo angalau banatuleteaka chumvi.”

Nilikuwa nimerudi karibuni kutoka ng’ambo ya mpaka, nilikosomea ufundi wa mitambo. Nilikuwa katika umri ule ambao mtu huamini kwamba kila alichofundishwa kilifundishwa kwa ajili ya watu wake. Frigo ile iliundwa kutumia kimojawapo kati ya vitu viwili: mafuta ya taa au umeme. Mafuta yalitegemea barabara, na barabara ilitegemea watu wenye silaha. Mto haukumtegemea yeyote, na mkondo wake ungeweza kuzungusha gurudumu la kuzalisha umeme. Wakati huo shule ya msingi ilikuwa imejaa familia zilizokimbia kutoka vijiji vya juu, na watoto walilala bega kwa bega sakafuni. Surua ilikuwa imekwisha kuanza kati yao. Dada yangu alijua majina ya wote waliougua, na alijua pia kwamba bila baridi hawezi kuwakinga waliosalia.

Nilikuwa nimeoga katika Ruzizi tangu utotoni bila kuuona. Siku nilipoenda kuupima ndipo nilipouona. Nilirusha vipande vya mgomba majini, nikatembea kando navyo nikilinganisha mwendo wa vipande hivyo na wangu, hadi nikajikuta nakimbia. Kisha nikaingia katika mtumbwi na kutumbukiza ubao mpana, nikiukinga mkondo kwa uso wake. Mto ulinipokonya. Haukuvuta kwa ghafla kama mtu mwenye hasira. Ulichukua tu, kwa utulivu, kama mzazi anayemwondolea mtoto kisu mkononi. Nilikaa ndani ya mtumbwi nikitazama mikono yangu mitupu. Maji yale yalikuwa yametoka Kivu, yameshuka makorongoni, yamepita mbele ya askari wa kila upande, na yalikuwa yakienda zake Tanganyika yakiwa na nguvu hiyo yote ambayo hakuna aliyewahi kuitaka.

Mtu akiona gurudumu la turbini ya majini hufikiri ni feni iliyozama. Hata mimi nilifikiri hivyo kabla ya kupiga hesabu. Lakini maji ni mazito kuliko hewa karibu mara mia nane, kwa hiyo bapa la majini, yaani ubawa wa gurudumu hilo, huzunguka taratibu na kubeba mzigo ambao bapa la upepo la ukubwa huo lisingeuota. Limeshikwa upande mmoja tu, kwenye kitovu cha gurudumu, kama tawi lililoshikwa na mti. Kila sehemu yake husukumwa na mkondo, na misukumo yote, kuanzia ile ya ncha, hulipwa mahali pamoja: shinani. Uso unaotazama mkondo huvutwa, uso wa nyuma hubanwa. Na kwa kuwa mkondo hauna nguvu sawa karibu na uso wa maji na chini yake, bapa hulemewa na kupumzishwa, hulemewa na kupumzishwa, katika kila mzunguko, mchana na usiku. Mbao nayo huchoka. Nilijifunza kuiheshimu kwa sababu hiyo.

Hesabu nilizifanyia katika chumba cha mafundisho ya dini, ambamo mlikuwa na ubao mweusi pekee ambao haukuwa umegeuzwa kuni. Asubuhi moja nilikuta katekista amefuta nusu ya kazi yangu ili aandike Amri za Mungu. Alisoma uso wangu, akatabasamu.

“Usikasirike, Injenyere. Hata Musa ilibidi apewe mara mbili.”

Kisha akasogea karibu na nusu iliyobaki, akaitazama kwa muda, na kuuliza swali ambalo hakuna mwalimu wangu aliyewahi kuniuliza.

“Na kiboko uliisha kuihesabu?”

Sikucheka. Viboko walikuwapo, na mmoja alikuwa na mazoea ya kupita mahali pale pale tulipopachagua pa kushushia gurudumu. Nilirudi ubaoni na kumhesabu kiboko. Jibu lilikuwa wazi: hakuna bapa la mbao ambalo lingemshinda. Kwa hiyo niliamua kwamba kati ya gurudumu na mhimili wake tungepigilia kijiti cha mpera, dhaifu kuliko kiungo kingine chochote, ili kiboko akiligonga gurudumu kijiti kivunjike na mabapa yabaki. Katekista alipenda jambo hilo, kwamba katika chombo kizima kuwe na kitu kimoja kilichowekwa ili kife kwanza. Aliwaambia wanafunzi wake kuhusu kijiti hicho kabla hata sijakichonga.

Kazi ya kuchonga mabapa yenyewe niliipeleka kwa fundi wa mitumbwi huko Uvira, ufukweni upande wa Kalundu. Alikuwa mtu wa maneno mengi na mikono isiyokosea mstari, aliyechonga makafi ya wavuvi tangu ujana wake. Nilimkatia vigezo vya karatasi ngumu vya kumwonyesha umbo la bapa mahali mbalimbali, kuanzia shinani hadi nchani. Nilimweleza kwamba bapa likikatwa lifanane na samaki aliyekatwa kwa urefu: kichwa kinene mbele, mkia mwembamba nyuma, mgongo uliopinda na tumbo lililo karibu kunyooka. Alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akasema nirudi yakiwa tayari. Mbao tulizichagua pamoja. Moja ilikuwa na kifundo cha tawi la zamani karibu na mahali pa shina, nikakikubali baada ya kufikiri, kwa sababu kingekuwa upande wa kubanwa. Mbao huvumilia kifundo inapobanwa. Inapovutwa, kifundo ni mlango.

Niliporudi, mabapa matatu yalikuwa yamelazwa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, yameng’arishwa kwa mawese hadi yakawa na rangi ya ngozi ya binadamu. Sikuwahi kuona kitu kizuri kama hicho kikitoka katika hesabu zangu. Nilipitisha kidole ukingoni mwa la kwanza na kidole changu kikasimama. Ukingo mwembamba ulikuwa mbele. Ule mnene ulikuwa nyuma.

“Fundi,” nilisema, “umegeuza.”

“Minye nilitengeneza,” alijibu, bila wasiwasi wowote. “Weye njo uligeuza. Uliandika ‘mbele’ kwa upande munene. Nikasema, huyu mutoto wa masomo amechanganya, tumusaidie bila kumupatisha haya.”

“Lakini samaki...”

“Samaki iko na kichwa sababu anakulaka. Hii itakula nini? Kitu yote inaingiaka mu maji na upande mwembamba. Mutumbwi, kafi, kisu. Uliona mutumbwi ya kuenda na matako mbele?”

Vijana waliokuwa wakiziba nyufa za mtumbwi wa jirani waliangua kicheko. Nilitaka kuwaeleza jinsi maji yanavyohitaji kichwa cha mviringo ili yagawanyike bila kung’oka mgongoni mwa bapa, lakini nikaona kwamba fundi hakuwa amekosea kwa uvivu wala kwa dharau. Alikuwa amenisitiri. Alisahihisha kile alichokiona kuwa kosa la mtu aliyempenda, na alikusudia asilitaje milele.

Nilichukua bapa mikononi. Upande wa pili nao haukuwa kama nilivyouchora: tumbo halikunyooka, lilipinda sawasawa na mgongo.

“Na hapa?”

“Kafi haina mugongo na tumbo,” alisema. “Unapiga kuume, unapiga kushoto. Pande zote ni ndugu.”

Niliketi mchangani. Nililigeuza bapa, nikaligeuza tena, nikiwaza mkondo ukija kutoka ziwani, kisha kutoka milimani. Ndipo jambo hilo lilipoanza kunifungukia, polepole, hata nikaogopa kupumua nisije nikalipoteza. Ukilishika gurudumu zima na kulielekeza kinyume, uso wake ukawa kisogo, msokoto wa mabapa haubadiliki, kama skrubu isivyobadilika ukiishika kichwa chini. Mto utalizungusha upande ule ule. Lakini ukingo uliokuwa nyuma sasa utatangulia. Na kwa kuwa fundi alizifanya pande zote mbili kuwa ndugu, hakuna upande utakaolalamika. Kosa lake la pili lilikuwa limelifuta la kwanza. Tungepoteza nguvu kidogo kwa kukosa tumbo lililonyooka. Baridi ya frigo moja tungeipata.

Nilimweleza. Alinisikiliza akiwa amekunja mikono, kisha akawageukia vijana. “Munaona? Nilimufanyia ya kuenda kote kubili.”

Tuliyasafirisha kwa baiskeli mbili siku barabara ilipotulia kidogo, yakiwa yamefungwa ndani ya mikeka. Fundi alikataa kubaki; alisema haachi watoto wake mikononi mwa wanasayansi. Kwenye kizuizi, askari mmoja alifungua mkeka, akayatazama mabapa, akamwita mkubwa wake.

“Hii ni nini? Munatengeneza helikopta?”

“Ndiyo, mukubwa,” fundi alisema. “Ya samaki.”

Mkubwa alimtazama, akayatazama mabapa, akagusa moja kwa kiganja chake chote, taratibu, kama mtu anavyomgusa ng’ombe mgeni. Nilimweleza kuhusu frigo na surua. Aliuliza kama watoto wa askari nao huchanjwa. Nikasema dada yangu hajawahi kumwuliza mtoto baba yake ni nani. Alifunga mkeka mwenyewe.

Kijijini dada yangu alikuwa akitungoja kwa habari mbili. Surua ilikuwa imeingia katika nyumba za wenyeji. Na chanjo mpya zilikuwa zimefika Uvira. Mwenye pikipiki alikuwa tayari kuzileta mara tu atakapoambiwa kwamba kuna mahali penye baridi pa kuziweka.

“Basi iweke mu maji leo,” alisema.

“Yaya, hapana. Kwanza niyajaribu mabapa.”

Nilikuwa na sababu, na ilikuwa na ukubwa wa kiganja: kile kifundo. Kwa kuligeuza gurudumu nilikuwa nimeugeuza pia uso wa kila bapa. Kilichopaswa kubanwa sasa kingevutwa. Nilimweleza hivyo mbele ya watu, na kwamba ningeyapima kwa mifuko ya mchanga, naye akanijibu mbele ya watu.

“Batoto biko na homa, na weye unaenda kucheza na mifuko ya muchanga?”

Nilisema tu kwamba bapa likivunjika mtoni litaangusha na yale mengine, na hatutakuwa na kitu, na chanjo zitakuwa zimekwisha kuletwa.

Tulifanya jaribio katika uwanja wa kanisa. Tulibana shina la bapa kati ya mihimili miwili ya paa la zamani, likabaki limenyooka hewani, uso wa mkondo juu. Watu walituletea mifuko mitupu ya unga wa msaada, tukaijaza mchanga kwa vipimo vya hesabu: midogo karibu na shina, mizito kuelekea ncha, ili mzigo ukae kama mto ungeukalisha. Kabla ya kuanza nilichora kwa chaki mstari mwembamba kwenye kila bapa, pale ambapo hesabu zilisema mbao itateseka zaidi, mahali unene wa shina unapoanza kupungua.

La kwanza liliinama mfuko baada ya mfuko, ncha ikashuka kama inayosalimu. Tulipoondoa mchanga lilirudi lilikokuwa. Uwanja mzima ulipumua. Waliokuja kutucheka walikuwa wameacha, kwa maana kulikuwa na jambo la heshima katika kuona kipande cha mti kikibeba mto mzima usiokuwapo na kisha kuinuka. La pili lilifanya vivyo hivyo. La tatu lilikuwa lile la kifundo.

Liliinama kama wenzake. Mfuko wa mwisho ulipowekwa lilitoa sauti ndogo, kama mtu anayekohoa kwa adabu kabla ya kusema. Fundi alinyoosha mkono kuwazuia watu. Kisha likavunjika.

Nilisogea. Ufa ulikuwa umeanzia kwenye kifundo na kupita juu ya mstari wa chaki, ukiufuata kwa urefu wake karibu wote, kana kwamba kuna aliyeusoma. Nilipiga magoti. Nilijua ningepaswa kuhuzunika, na baadaye nilihuzunika, lakini kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa huzuni. Mti ule ulikua msituni bila kujua Kifaransa wala hesabu. Nami niliandika alama fulani ubaoni, katekista akazifuta nusu, nikaziandika tena. Na mti ukaenda kuvunjika pale alama ziliposema. Kati ya ubao mweusi na mti kulikuwa na makubaliano ambayo mimi sikuyafanya. Niliweka mkono juu ya ufa.

Dada yangu alikuwa ameketi kwenye ngazi ya kanisa. Nilipoinuka aliniuliza jambo moja tu.

“Ingevunjika kule mu maji?”

“Ndiyo, Yaya.”

Alifikiri. “Basi endeni Uvira. Murudi mbio.”

Fundi alipanda baiskeli kabla yangu. Bapa la nne alilichonga kutoka ubao aliokuwa amejiwekea kwa ajili ya mtumbwi wake mwenyewe, ubao ulionyooka nyuzi zake kama nywele zilizochanwa, na safari hii ukingo mnene alianza kuuweka mbele bila kuniuliza. Hivyo ikanibidi nimwombe, kwa aibu ya sisi wote wawili, auweke nyuma kama wa ndugu zake, ili gurudumu likigeuzwa yote yafanane. “Weye,” alisema, “utaniua.” Akauweka nyuma. Katika uwanja wa kanisa lilibeba mifuko yote, na tukaongeza mingine, nalo likainuka.

Tuliunganisha mitumbwi miwili kwa mbao, tukaweka dinamo ya lori juu yake na gurudumu chini yake. Tulikifunga chombo chote kwa kamba ya chuma iliyotolewa kwenye lori bovu, ncha yake ikizungushwa kwenye mti mkubwa wa ukingoni. Tuliposhusha gurudumu majini halikufanya lolote. Kisha likajigeuza kidogo, kama mtu anayelala upande. Kisha likaanza.

“Iko polepole,” mtu mmoja alisema, na nilisikia kwamba amevunjika moyo.

“Ishike,” fundi alimjibu, akimwonyesha mhimili. Yule mtu aliushika kwa mikono miwili akitaka kuuzuia, ukamvuta hadi akaangukia magoti. Aliuachia na kurudi nyuma, na kofia yake akaivua.

Nyaya zilipita juu ya nguzo za miti hadi kituoni. Dada yangu aliweka kiganja nyuma ya frigo na kungoja. Alingoja hadi nikaona aibu kusimama pale, nikatoka nje. Siku iliyofuata alinikuta mtoni, akanipa kitu kilichofungwa ndani ya kitambaa. Ilikuwa barafu. Tuliitazama ikiyeyuka kiganjani mwangu, maji ya mto yaliyogandishwa na mto.

“Mwana mama,” aliniita, jina la wale waliozaliwa tumbo moja, ambalo hakuwa amelitumia tangu niende kusoma. “Mwite wa pikipiki.”

Watoto walichanjwa chini ya paa la shule, wa wenyeji, wa wakimbizi, na wawili walioletwa na mkubwa wa kizuizi. Wagonjwa wapya walipungua, kisha dada yangu akaacha kunitajia majina. Kiboko alipita siku moja; kijiti cha mpera kilivunjika, na mabapa yakabaki. Tuliweka kingine.

Tangu hapo kijiji kimekimbia na kurudi. Wakati wote watu hawapo, gurudumu huendelea kuzunguka, kwa sababu hakuna aliyeuambia mto kwamba tumeondoka, na anayerudi kwanza huikuta frigo ikiwa na baridi. Sina hofu tena na mabapa, wala na kiboko. Hofu yangu ni kamba ya chuma. Ni kitu kizuri, na katika vita kitu kizuri kilichoachwa ukingoni huonekana hakina mwenyewe. Mtu anaweza kuihitaji kwa kivuko, au kwa gari lililokwama, na akaichukua bila ubaya wowote moyoni. Yeye hawezi kuona kutoka pale mtoni frigo iliyofungwa upande wa pili, mwisho wa nyaya.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma: ukipita kando ya Ruzizi, ukaona kamba ya chuma imezungushwa kwenye mti na kuingia majini, usiikate.